Mtu wa Sita

Swali la leo ni la kale. Huulizwa katika kila nyumba, kila darasa na kila kijiji, ijapokuwa kwa maneno mbalimbali: Mtu wa nyuma ana thamani gani katika kazi ya wote? Thamani ya aliye mbele twaijua. Jina lake hutajwa, mkono wake hushikwa, picha yake hutundikwa ukutani. Lakini yule ajaye baadaye, wa tano, wa sita, wa kumi, asiyengojwa na mtu, je, kazi yake ni kazi kweli, ama ni kivuli tu cha kazi ya mwingine?

Swali hili laweza kujibiwa kwa maneno matamu yasiyogharimu kitu. Mara nyingi mkubwa husimama mbele ya watu akasema kwamba wote ni sawa, kisha huenda kuketi peke yake kwenye kiti cha heshima. Basi tusianze na maneno matamu. Tuanze na jambo lililotendeka, lenye mahali na tarehe, ambapo watu walikubaliana kuipima kazi ya wa nyuma kwa hesabu. Jambo lenyewe ni mbio.

1. Habari yenyewe

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 28 Machi 1903, wakimbiaji wa mataifa manne walikusanyika Hamilton, huko Uskoti, katika uwanja wa mbio za farasi uitwao Hamilton Park. Walikuwa watu wa Uingereza, wa Uskoti, wa Ireland na wa Wales. Siku hiyo yalianza mashindano ya kila mwaka ya mbio za nyika baina ya mataifa.

Mbio za nyika si mbio za uwanja laini. Mtu hukimbia katika majani na matope, hupanda kilima, hushuka bonde, huruka kijito, wala hakuna mstari uliochorwa chini wa kumwongoza hatua kwa hatua. Mchezo huu ulitoka katika shule za Waingereza za karne ya 19. Huko vijana walicheza mchezo wa sungura na mbwa: wachache walitangulia wakidondosha vipande vya karatasi njiani, na wengine waliwafuata kwa kuzitazama alama hizo. Chama cha Thames Hare and Hounds, kilichoanzishwa London mwaka 1868, chalihifadhi hata leo jina hilo la sungura na mbwa.

Mshindi wa mbio za Hamilton alikuwa Alfred Shrubb, mzaliwa wa kijiji cha Slinfold kusini mwa Uingereza, mwaka 1879. Hakuwa mtoto wa matajiri. Alifanya kazi za ujenzi. Husimuliwa kwamba kipaji chake kilionekana siku alipolifukuza gari la wazimamoto kwa miguu, akiwa amevaa nguo zake za kazi. Mwaka 1904 alishinda mashindano haya mara ya pili. Tarehe 5 Novemba ya mwaka huohuo, mjini Glasgow, alikimbia muda wa saa moja nzima akapita kilomita 18 na mita 742. Katika zama zile hakukuwa na mtu wa kumfikia.

Kundi la Uingereza nalo lilishinda mwaka 1903. Likaendelea kushinda kila mwaka hadi vita kuu ya 1914 ilipoyakatisha mashindano. Yaliporudi mwaka 1920 likashinda tena, na mwaka 1921 vilevile.

Angalia sasa: twasema Shrubb alishinda, tena twasema kundi lilishinda. Ni ushindi wa namna mbili, siku moja, katika matope yaleyale. Tofauti ya ushindi huu na ule ndiyo itakayotufundisha.

2. Namna ya kuhesabu

Kundi lilihesabiwaje? Kila mkimbiaji alipofika mwisho aliandikiwa nafasi yake: wa kwanza alama 1, wa pili alama 2, wa thelathini alama 30. Kisha zilijumlishwa nafasi za wakimbiaji sita wa kwanza wa kila taifa. Kundi lenye jumla ndogo kuliko yote ndilo lililoshinda.

Hesabu hii ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la tatu aiweza. Lakini tuitazame vizuri, maana yasema neno kubwa. Tuseme kundi moja lina wakimbiaji hodari wanne, nao wachukua nafasi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Wa tano wao ni wa 20, na wa sita ni wa 30. Jumla yao ni 60. Kundi la pili halina hata mmoja wa kuwafikia wale wanne. Watu wake wafika wakifuatana: wa 5, wa 6, wa 7, wa 8, wa 9 na wa 10. Jumla yao ni 45. Kundi la pili ndilo limeshinda. Wanne wa kundi la kwanza walifika kabla ya wapinzani wao wote, hata hivyo kundi lao limeshindwa.

Limeshindwa kwa sababu gani? Si kwa sababu wanne wale walikuwa wavivu. Ni kwa sababu mkubwa hawezi kuhesabiwa mara mbili. Awe ametangulia kwa hatua moja, awe ametangulia kwa kilima kizima, wa kwanza ni alama 1 tu, haipungui. Nguvu zake zote zilizobaki haziwezi kumsaidia ndugu yake aliye nyuma. Lakini yule wa sita, akijikaza akawapita watu watatu kabla ya kufika mwisho, amelipunguzia kundi lake alama 3. Na kama waliopitwa ni miongoni mwa sita wa wapinzani wao, amewaongezea hao alama pia.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Katika kazi ya wengi kuna sehemu ambayo mkubwa haiwezi. Hashindwi kwa kukosa nguvu. Sehemu hiyo si yake. Ama yule wa nyuma aifanye, ama ibaki bila kufanywa.

3. Aliye mbele peke yake

Labda msomaji atasema: «Hayo ni mambo ya kubuni, hesabu hutii matakwa ya mwenye kalamu.» Basi tutazame yaliyotokea.

Ufaransa iliingia katika mashindano haya mwaka 1907. Baada ya miaka michache ilimpata mkimbiaji wa ajabu, Jean Bouin. Huyu alikuwa wa kwanza mwaka 1911, akawa wa kwanza mwaka 1912, akawa wa kwanza tena mwaka 1913. Miaka mitatu mfululizo Waingereza, Waskoti na wengine wote waliuona mgongo wake. Na katika miaka hiyo mitatu, ni kundi gani lililoshinda? Lilikuwa Uingereza, mara zote tatu. Bouin alilipa taifa lake kila alichoweza kulipa mtu mmoja, nacho hakikutosha. Mwaka 1914 aliuawa vitani, asilione kundi la Ufaransa likishinda. Siku hiyo ilikuja mwaka 1922 huko Glasgow. Joseph Guillemot wa Ufaransa alikuwa wa kwanza, na safari hii wenzake walikuwa karibu naye. Ndipo kwa mara ya kwanza ushindi wa kundi ulipotoka mikononi mwa Waingereza.

Kinyume chake chaonekana katika historia ya jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1973 mashindano yale ya kale yaligeuka kuwa mashindano ya dunia nzima. Kundi la wanaume wa Kenya lilishinda tangu mwaka 1986 hadi mwaka 2003, miaka 18 bila kukosa hata mmoja. Je, miaka hiyo yote mtu wa kwanza alikuwa Mkenya? Sivyo. Mwaka 1990 na mwaka 1991 aliyetangulia wote alikuwa Khalid Skah wa Moroko. Hata hivyo kundi lililoshinda ni Kenya, kwa kuwa nyuma ya Skah walikuja Wakenya, na nyuma ya hao wakaja Wakenya wengine.

Watu wa kwetu hawakungoja mbio za Wazungu ili kujua haya. Wabebao mgonjwa kwa machela katika njia ya msitu wajua kwamba machela haiendi kwa mwendo wa mbebaji hodari. Yaenda kwa mwendo wa yule aliyechoka. Akianguka mmoja, mgonjwa ameanguka, hata kama watatu wengine wamesimama imara kama miti. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kwamba kidole hicho ni dhaifu. Walisema ni kimoja.

4. Wasiohesabiwa

Hapa lazima tushuke chini zaidi, maana kuna swali gumu lililojificha. Ikiwa wa sita ni wa maana kwa sababu ahesabiwa, je, wa saba? Katika hesabu ya kundi lake hayumo. Nafasi yake haijumlishwi. Je, yeye alitoka jasho bure?

Tazama mbio za mwaka 1898. Miaka mitano kabla ya Hamilton, Waingereza walivuka bahari wakashindana na Wafaransa huko Ville d'Avray, karibu na Paris. Makundi yalikuwa ya watu wanane wanane, na waliohesabiwa walikuwa sita kila upande. Waingereza wote wanane walifika kabla ya Mfaransa wa kwanza. Jumla ya Waingereza ilikuwa 21, yaani 1 na 2 na 3 na 4 na 5 na 6. Jumla ya Wafaransa ilikuwa 69, yaani kutoka nafasi ya 9 hadi ya 14.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Kama Waingereza wale wawili wa mwisho wasingekuwapo, Wafaransa wangechukua nafasi ya 7 hadi ya 12, na jumla yao ingekuwa 57. Basi wa saba na wa nane, ambao katika hesabu ya kwao ni kama hawakukimbia, ndio waliowaongezea wapinzani alama 12. Hawakuonekana katika jumla ya upande wao, lakini walionekana katika jumla ya upande wa pili. Kazi yao haikupotea. Iliandikwa mahali ambapo wenyewe hawakutazama.

Mara ngapi mambo huwa hivyo katika maisha yetu! Mama afagiaye wodi ya wagonjwa kila asubuhi haandikwi katika daftari la waliopona. Mlinzi wa ghala hahesabiwi miongoni mwa waliovuna. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemfundisha mtoto kushika kalamu, hatajwi siku mtoto huyo apatapo shahada yake. Ukitafuta kazi yao katika safu ya waliosifiwa, hutaiona. Itafute mahali pengine: katika ugonjwa ambao haukuenea, katika mahindi ambayo hayakuibwa, katika mtu ambaye hakubaki mjinga. Ni vigumu kuhesabu jambo ambalo halikutokea, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumsahau aliyelizuia.

5. Pingamizi mbili

Haki yadai tusikilize na wanaopinga.

Wa kwanza asema: «Ukiwasifu wa nyuma namna hii, utawafanya watu wapende kuwa nyuma. Nani atajitahidi, ikiwa wa sita ni sawa na wa kwanza?» Pingamizi hii ina uzito. Wapo wavivu wajifichao ndani ya kundi kama funza ndani ya nyama. Lakini anayesema hivi hakuisoma hesabu vizuri. Hesabu haikusema kwamba wa sita ni sawa na wa kwanza. Wa kwanza ni alama 1. Wa sita, akiwa wa thelathini, ni alama 30, nazo ni mzigo mgongoni mwa wenzake. Hesabu haimbembelezi mtu wa nyuma. Yamwambia: «Wewe wahitajiwa, kwa hiyo ukilala, tutaanguka sote.» Kuhitajiwa si kusifiwa. Sifa humwachia mtu nafasi ya kupumzika. Kuhitajiwa humwamsha usingizini.

Tena sifa ya Shrubb haikupunguzwa. Jina lake lakumbukwa baada ya miaka zaidi ya mia moja, na ni haki likumbukwe. Heshima ni ya yule aliyezidi. Lakini ushindi wa wote ni wa wote, nao haugawanyiki kwa kipimo cha heshima. Tukichanganya vitu hivi viwili twakosea mara mbili: ama twamnyang'anya hodari sifa yake, ama twawanyang'anya wengine kazi yao.

Wa pili asema: «Je, hao wa mwisho kabisa? Walio nyuma ya wote, ambao hawahesabiwi kwao wala hawamsukumi mpinzani yeyote nyuma? Hesabu yako yawatupa.» Ndiyo, yawatupa. Tukiri hivyo bila kuficha. Hesabu ya mchezo huona kile kilichowekwa mbele yake, basi. Kama thamani ya mtu ingetoka katika hesabu, yule wa mwisho asingekuwa na thamani hata kidogo, na mzee asiyeweza kulima tena, na mtoto aliyezaliwa na ulemavu, wangekuwa mzigo mtupu. Moyo wetu wakataa neno hilo, nao wakataa kwa haki. Mtu si wa thamani kwa kuwa amehesabiwa. Twajisumbua kumhesabu kwa kuwa ni wa thamani kwanza. Kwa hiyo mbio zaweza kutufundisha namna ya kufanya kazi pamoja, lakini haziwezi kutuambia mtu ni nani. Ni lazima tulijue hilo kabla ya kuanza kukimbia.

6. Hakuna ajuaye nafasi yake

Liko na jambo jingine, ambalo wenye nguvu hulisahau upesi. Asubuhi ya mbio, hakuna ajuaye nani atakuwa wa sita.

Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kampala, katika uwanja wa Kololo. Joshua Cheptegei, kijana wa Uganda, alikimbia mbele ya watu wake. Alipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa amewaacha wengine mbali, na umati ulikwisha kumwimbia ushindi. Ghafla nguvu zilimwishia. Miguu ilikataa. Geoffrey Kamworor wa Kenya alimpita, kisha wengine wakampita mmoja mmoja, hata alipofika mwisho alikuwa wa 30. Aliyekuwa wa kwanza muda mfupi uliopita sasa alikuwa nyuma ya wengi. Lakini hakutoka njiani. Alijikokota mpaka mwisho. Na kundi la Uganda, ambalo siku hiyo lilihesabiwa kwa watu wanne badala ya sita, lilipata nafasi ya tatu. Wale ambao hakuna aliyewatazama asubuhi ndio waliomsaidia kuuokoa mchana. Miaka miwili baadaye, mwaka 2019, huko Aarhus nchini Denmark, Cheptegei alishinda, na kundi lake likashinda pamoja naye.

Basi aliye mbele leo asimdharau aliye nyuma, maana hajui jioni atamhitaji nani. Wala aliye nyuma asijidharau. Kila mmoja na akimbie kana kwamba yeye ndiye wa sita, yaani yule wa mwisho kuhesabiwa, ambaye jumla yote yamngoja.

7. Hukumu iliyo ya mmoja peke yake

Tukiishia hapa, mtu aweza kutuelewa vibaya, akadhani kundi ni kila kitu na mtu mmoja si kitu. Ndiyo maana yafaa tutaje mbio nyingine mbili, ambazo kundi halikuweza kumjibia mtu.

Ya kwanza ni habari ya Shrubb mwenyewe. Mwaka 1905 wakubwa wa riadha wa Uingereza walimfukuza katika mashindano yao, wakimshtaki kwamba alipokea fedha kwa kukimbia. Sheria ya siku zile ilisema mkimbiaji asipate faida yoyote. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini uzito wake haukuwa mmoja. Mtoto wa tajiri aliweza kukimbia bure bila kulala njaa. Mfanyakazi wa ujenzi, akiacha kazi yake aende kushindana mbali, alipoteza mkate wa siku hiyo. Kweli, aliyevunja ahadi amevunja ahadi, nasi hatusemi kwamba sheria ni kitu cha kuchezea. Lakini mwenye kutunga sheria na aulize kwanza: sheria hii itamwelemea nani? Mzigo uleule huwa mwepesi kwa aliyeshiba, na mzito kwa mwenye njaa. Leo sheria ile haiko tena. Wakimbiaji hulipwa mbele ya watu wote, wala hakuna anayeona haya.

Ya pili ilitokea Hispania, katika mji wa Burlada, mwezi wa Desemba 2012. Abel Mutai, Mkenya, aliongoza mbio za nyika, lakini alidhani amekwisha kuvuka mwisho, akapunguza mwendo kabla ya wakati. Nyuma yake alikuja Iván Fernández Anaya, Mhispania. Aliweza kumpita bila shida, wala hakuna kanuni ambayo ingemzuia. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kumalizia, akamwacha ashinde. Baadaye mwalimu wake hakupendezwa. Aliona kijana amepoteza nafasi njema ya ushindi. Fernández alisimama imara katika shauri lake: Mutai ndiye aliyestahili.

Nani angeweza kumfanyia uamuzi huo? Wenzake wangeweza kumwongezea alama, mwalimu angeweza kumwongezea mbinu, lakini unyofu hakuna awezaye kumkopesha mwingine. Hapa hakuna jumla ya watu sita. Kila mtu huhesabiwa peke yake, naye ni wa kwanza na wa mwisho katika kundi lake.

8. Neno la mwisho

Mwaka 1960 mashindano ya mataifa yalirudi Hamilton, katika uwanja uleule wa mwaka 1903. Safari hii aliyetangulia wote alikuwa Mwafrika, Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Mwaka huohuo alikimbia mbio ndefu za Olimpiki huko Roma, akawa wa pili nyuma ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Miaka 57 ilikuwa imepita tangu siku ile ya mataifa manne. Njia iliyofunguliwa na wachache ilikuwa imefika mbali kuliko walivyodhani.

Tukusanye sasa tuliyoyaona. Kwanza, katika kazi ya wote mkubwa hawezi kuhesabiwa mara mbili, kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake isiyofanywa na mwingine. Pili, hata asiyehesabiwa huacha alama, mara nyingi mahali pasipotazamwa. Tatu, heshima ya mmoja na ushindi wa wote ni vitu viwili. Mwenye akili hatamnyima mtu kimoja kwa ajili ya kingine. Nne, hakuna ajuaye asubuhi nafasi yake ya jioni. Tano, thamani ya mtu yatangulia hesabu zote, na unyofu wake ni deni lake mwenyewe.

Baba awe na macho ya kumwona mwanawe wa sita. Mwalimu asomapo majina ya waliofaulu asiufunge mdomo baada ya jina la tatu. Mkubwa wa kazi, kabla ya kuwaonyesha wageni mnara uliojengwa, na aulize ni nani aliyechota maji ya kukandia udongo. Nawe uliye wa sita, usingoje kuitwa ndipo ukaze mwendo. Kilima kiko mbele yako, na walio mbele hawawezi kukipanda kwa niaba yako.

Maswali ya kujiuliza

1. Katika kazi ifanywayo nyumbani mwetu, nani ni mtu wa sita? Mara ya mwisho aliambiwa asante lini?
2. Je, kuna sheria au desturi kwetu iliyo moja kwa wote, lakini yamwelemea maskini kuliko tajiri?
3. Kama ningekuwa nyuma ya mtu aliyekosea mahali pa mwisho, ningempita, ama ningemwonyesha kwa mkono?